Umechota Rangi Sahihi, Imetoka Nyingine: Kutafuta Kosa Kwenye Kuchota Rangi na Modi za Leya

Mtu anachota rangi ya ngozi shavuni, anaipaka hatua mbili pembeni ya shavu hilohilo, inatoka kahawia iliyoungua. Lawama zote zinaangukia programu, ambayo mara nyingi haina kosa. Rangi inayoonekana kwenye picha yenye leya nyingi imeshapikwa: ndani yake kuna leya ya chini, modi ya leya ya juu (jinsi inavyochanganyika na zilizo chini yake), Opacity yake (kiasi inavyofunika kilicho chini), na marekebisho yaliyowekwa juu ya yote. Ukiichota hiyo na kuipaka kwenye leya yenye modi ileile, umetia chumvi mara ya pili kwenye mchuzi ulioiva. Ndiyo maana kabla ya kuhangaika na modi, ni vizuri kujua kwanza rangi ilichotwa wapi.

Maelezo haya yanafuata programu za kuhariri picha, Photoshop na GIMP kuanzia toleo 2.10. Anayetumia Photopea kwenye kivinjari atayaona mengi mahali palepale yalipo kwenye Photoshop. Majina ya menyu na modi yameachwa kama yanavyoandikwa kwenye kioo, maana huko ndiko utakakoyatafuta.

Kwanza, acha kuamini macho

Fungua paneli ya Info kwenye Photoshop (F8). Kila unapopitisha kielekezi, inakuonyesha R, G na B (kiasi cha nyekundu, kijani na buluu, kila kimoja 0 hadi 255) za pale ulipo. Kwenye GIMP kazi hiyo inafanywa na Pointer, iliyo chini ya Windows > Dockable Dialogs. Kama kuna sehemu unayotaka kuifuatilia, weka alama ya kudumu kwa Color Sampler, kifaa kinachokaa pamoja na Eyedropper, kile cha kuchotea rangi. Photoshop za sasa zinakubali alama 10, za zamani ziliishia 4. Ukibadilisha modi, namba za alama zinabadilika hapohapo, nawe unajua kilichotokea bila kukisia. Jicho hudanganywa na rangi za jirani: kijivu kilekile kitaonekana chepesi kikiwa kwenye nyeusi na kizito kikiwa kwenye nyeupe.

Rangi iliyochotwa haifanani na ile iliyopo

Angalia Sample Size juu ya kioo ukiwa umeshika Eyedropper. Ikiwa ni Point Sample, programu inasoma pikseli moja tu. Kwenye picha ya simu iliyopigwa usiku, pikseli moja ya ngozi inaweza kuwa nyekundu na jirani yake kijani, kwa sababu ya chembechembe za kamera. Weka 5 by 5 Average kwa picha za kawaida, 11 by 11 kwa picha kubwa za kamera ya pikseli milioni 20 na zaidi. Juu ya hapo kuna 31, 51 na 101, lakini hizo ni za anga, ukuta au kitambaa kisicho na michoro. Kwenye GIMP tafuta Sample average ndani ya chaguo za Color Picker (herufi O), kisha ongeza Radius.

Kwa nembo na michoro yenye rangi bapa, fanya kinyume: rudi Point Sample. Wastani wa 5 kwa 5 ukigusa ukingo wa herufi utachanganya rangi ya herufi na ya nyuma yake, upate rangi ambayo haimo kabisa kwenye nembo. Vuta picha hadi 800% na uchote katikati. Jambo moja linalosahaulika: kwenye Photoshop, Sample Size inagusa pia Magic Wand. Kama uteuzi wako umeanza ghafla kumeza maeneo usiyoyataka, huenda ni mpangilio ulioubadilisha asubuhi ukichota rangi.

Nembo iliyotumwa WhatsApp kama picha ina tatizo la ziada. Imebanwa upya kuwa JPEG, na JPEG za namna hiyo kwa kawaida huhifadhi mwangaza wa kila pikseli lakini rangi huigawana pikseli nne nne. Kisha hesabu zote hufanywa kwa vipande vya mraba, ambavyo kwa upande wa rangi hufikia pikseli 16 kwa 16. Ndiyo maana nyekundu iliyo karibu na nyeupe huwa na uchafu wa waridi. Chota angalau pikseli 16 mbali na ukingo wowote, na kama herufi ni nyembamba kuliko hapo, usijisumbue. Mwombe mteja faili asilia, au aitume kama hati badala ya picha.

Unachota nyekundu, unapata kijivu

Hili hutisha watu, na sababu yake ni ndogo. Mara nyingi umebofya maski ya leya (inayoficha au kuonyesha sehemu zake) badala ya leya yenyewe. Maski haijui rangi, inajua nyeupe, nyeusi na vijivu vya kati, kwa hiyo kila unachochota kinageuzwa kijivu. Bofya kijipicha cha leya, kilicho kushoto kwa maski, na uchote tena. Kama haikuwa hivyo, bonyeza Q kutoka kwenye Quick Mask, halafu angalia paneli ya Channels kama umeacha chaneli moja (nyekundu, kijani au buluu) peke yake imechaguliwa. Bado? Fungua Image > Mode. Ukikuta Grayscale, au Indexed Color kama kawaida ya faili za GIF, badilisha kuwa RGB Color.

Unachota, haitoki kitu, au inatoka rangi ya leya nyingine

Hapa tatizo ni kisanduku cha Sample, kilicho juu ya kioo ukiwa umeshika Eyedropper. Current Layer husoma leya uliyosimama juu yake peke yake, na kama pale ulipobofya ni patupu, hakuna cha kusoma. All Layers husoma matokeo ya mwisho. Current & Below husoma uliyopo na zilizo chini. Kwenye GIMP ni tiki moja tu, Sample merged.

Rangi iliyochotwa inatoka nzito zaidi ikipakwa

Hili ndilo tatizo linalopoteza saa nyingi kuliko mengine. Tuseme ngozi ina namba 180, 120, 90. Umeichota kwa All Layers, ukaipaka kwenye leya iliyo Multiply juu ya ngozi hiyohiyo. Multiply huzidisha namba ya juu kwa ya chini, kisha hugawanya kwa 255. Nyekundu: 180 × 180 ÷ 255 ni 127. Kijani: 120 × 120 ÷ 255 ni 56. Buluu inashuka hadi 32. Umechota ngozi ya maji ya kunde, umepaka kahawa. Ukichota tena hapo ulipopaka na kurudia, inashuka tena, na baada ya mara tatu unakaribia nyeusi.

Kipimo cha haraka: tengeneza leya mpya juu kabisa, iache Normal, Opacity 100%, upake rangi hiyohiyo. Ikitoka sawa na ulichochota, basi modi ya leya ya mwanzo ndiyo sababu. Ikitoka tofauti hata hapo, angalia brashi.

Kama leya ndiyo sababu, una njia tatu. Ya kwanza ni kupaka marekebisho kwenye leya ya Normal; kwa ngozi hii ndiyo bora, na hakuna sababu ya kung'ang'ania Multiply. Ya pili ni kuchota kwa Current Layer pale unapoendeleza kivuli ulichokwisha kupaka, ili upate rangi mbichi iliyo ndani ya leya na siyo mchanganyiko. Ya tatu ni hesabu ya kurudi nyuma, inayofaa unapotaka matokeo ya namba maalum: chukua rangi unayoitaka, zidisha kwa 255, gawanya kwa rangi ya chini. Unataka 150, 90, 60 juu ya ngozi ya 180, 120, 90? Paka 213, 191, 170. Inaonekana ya ajabu kwenye kisanduku cha rangi, lakini itatua pale ulipotaka. Hesabu ikikupa zaidi ya 255, ujue Multiply haitaweza: modi hiyo haijawahi kung'arisha kitu.

Kama ni brashi, tazama Mode yake juu ya kioo. Brashi ina modi yake, tofauti na ya leya, na zote mbili hufanya kazi kwa pamoja. Inabadilikaje bila wewe kujua? Shift pamoja na alama ya kujumlisha hupitia modi moja baada ya nyingine. Ukiwa umeshika Move (V) inabadilisha modi ya leya. Ukiwa umeshika brashi inabadilisha ya brashi. Namba nazo ni hivyohivyo: bonyeza 3 ukiwa na brashi, Opacity ya brashi inashuka hadi 30%. Ukitaka kusafisha yote, bofya kulia kwenye alama ya kifaa iliyo mwanzo wa ule mstari wa juu, chagua Reset Tool. Kama rangi inayumba ndani ya mpako mmoja, fungua F5 na uondoe tiki ya Color Dynamics.

Kuna mhusika wa tatu, asiyeonekana: leya ya marekebisho iliyo juu kabisa, kama Curves au Hue/Saturation. Umechota rangi baada ya Curves kuigusa, umeipaka chini ya Curves, ikaguswa tena. Kwenye Sample chagua All Layers No Adjustments.

Modi imebadilishwa, picha haijabadilika

Modi nyingi zina rangi ambayo kwake ni maji: haiongezi wala haipunguzi. Kwa Multiply ni nyeupe. Kwa Screen na Linear Dodge ni nyeusi. Kwa Overlay, Soft Light na Hard Light ni kijivu cha katikati, 128. Ukijaza leya kwa kijivu hicho na kuiweka Overlay ili upake vivuli na mng'ao juu yake, ni sawa kabisa kwamba mwanzoni huoni kitu.

Malalamiko makubwa zaidi ni ya Color. Unataka kanzu nyeupe iwe ya hudhurungi. Unaweka leya ya hudhurungi, modi Color, kanzu inabaki nyeupe. Color huchukua aina ya rangi na ukolevu kutoka juu, lakini mwangaza huuacha wa chini. Mwangaza wa 255 una rangi moja tu duniani, nayo ni nyeupe. Kwa kitambaa cheupe tumia Multiply. Kwa kitambaa cheusi, kama buibui unalotaka liwe buluu, Multiply na Color zote zitashindwa, kwa hiyo panda kwa Screen. Nyeusi ya picha mara nyingi si 0. Tuseme ni 20, 20, 20. Leya ya rangi moja ya 20, 30, 90 ikiwa Screen itatoa takriban 38, 48, 103, buluu ya usiku yenye mikunjo yake yote. Njia nyingine ni kuinua kitambaa kwanza kwa Levels, ukisogeza Output ya kushoto hadi kati ya 40 na 60, halafu ndipo uweke Color.

Na kama menyu yenyewe ya modi imezimwa, bila shaka umesimama kwenye leya ya Background. Bofya kufuli lake.

Modi niliyozoea haipo au haibofyeki

Picha za biti 32 zina modi chache. Screen na Overlay hazimo. Kwenye Lab, mfumo mwingine wa rangi, zinakosekana Color Dodge, Color Burn, Darken, Lighten na Difference, miongoni mwa nyingine. Rudi RGB, biti 8 au 16.

Kitenge kwenye gauni kinatoka kizito na kimekufa

Wanaouza nguo mtandaoni hupiga picha gauni moja jeupe na kuliweka mitindo kumi ya kitenge kwa Multiply. Wazo ni zuri, ila gauni jeupe kwenye picha si jeupe. Pima kwa Info: mara nyingi utakuta 200 hivi, wakati mwingine chini ya hapo. 200 ÷ 255 ni 0.78, maana yake kila rangi ya kitenge imepunguzwa karibu robo kabla hata ya kufika kwenye mikunjo. Na kama taa ilikuwa ya njano, gauni ni 200, 190, 165, na buluu ya kitenge ndiyo inayoumia zaidi.

Nakili gauni kwenye leya yake, ondoa rangi kwa Ctrl+Shift+U, kisha Levels: sogeza kitelezi cheupe cha kulia hadi sehemu zenye mwanga zifike 245 hivi. Usizifikishe 255, la sivyo mikunjo myepesi itapotea. Kitenge kikae juu, Multiply, kikiwa kimefungwa kwenye gauni (shikilia Alt, bofya mstari kati ya leya mbili). Ikiwa mng'ao wa kitambaa umefunikwa, bofya mara mbili pembeni ya jina la leya ya kitenge ufungue Layer Style, nenda Blend If, na kwenye Underlying Layer vuta pembetatu nyeupe kwenda kushoto huku umeshikilia Alt ili igawanyike. Bila Alt, mpito unakuwa mkali kama umekatwa na mkasi.

Overlay inafanya nyuso kuwa za machungwa

Kunakili picha na kuiweka Overlay ili "ipate nguvu" ni desturi ya zamani. Overlay huhesabu kila chaneli peke yake: iliyo chini ya 128 inashushwa, iliyo juu inapandishwa. Ngozi ya 200, 140, 100 inakuwa 231, 151, 78. Nyekundu imepanda, buluu imeanguka, na pengo hilo ndilo machungwa unayoyaona. Ondoa rangi kwenye nakala ya juu, au itumie Soft Light kwa Opacity ya 30 hadi 40%. Ukitaka utofauti wa mwanga bila kugusa rangi hata kidogo, tumia leya ya Curves na modi yake iwe Luminosity.

Kuhusu ukali, kuna modi nane ambazo Fill (kisanduku kilicho chini ya Opacity kwenye paneli ya leya) na Opacity hazitoi matokeo sawa: Color Burn, Linear Burn, Color Dodge, Linear Dodge, Vivid Light, Linear Light, Hard Mix na Difference. Ukiona Color Dodge inaunguza taa, shusha Fill badala ya Opacity.

Ukiweka leya kwenye kundi, rangi zinabadilika

Kundi jipya la Photoshop huwa Pass Through, yaani leya za ndani zinachanganyika na kila kilicho chini. Likigeuzwa kuwa Normal, kundi linajifungia. Multiply ya ndani haioni tena picha ya nje. Rudisha Pass Through.

GIMP inatoa matokeo tofauti na Photoshop

Tangu toleo 2.10, la mwaka 2018, modi kadhaa za GIMP hufanya hesabu kwa mwanga halisi badala ya namba za kioo. Jaribu: nyeupe yenye Opacity 50% juu ya nyeusi. Photoshop inatoa 128, GIMP inatoa 188. Kwa miali ya taa na kingo laini, hesabu ya GIMP ni ya haki zaidi. Ila kama unafuata somo la Photoshop au faili la zamani, vivuli vyako vitatoka vyepesi. Bofya kulia kwenye leya, Composite Space, chagua RGB (perceptual). Au bofya kitufe kidogo pembeni ya orodha ya modi uhamie kundi la Legacy, yaani modi za mtindo wa zamani.

Ilikuwa sawa kwenye kompyuta, imeharibika baada ya kutolewa

Kivuli cha Multiply kwenye PNG isiyo na mandharinyuma: PNG haibebi modi. Chini ya kivuli hakuna kitu, kwa hiyo kinakuwa Normal, na ile leya yenye kisanduku cheupe kilichofichwa na Multiply inarudi na kisanduku chake. Tengeneza kivuli kwa nyeusi tupu, modi Normal, na udhibiti uzito kwa Opacity.

Bango la kuchapwa: ukibadilisha RGB kuwa CMYK huku leya zikiwa bado wazi, modi zinahesabiwa upya kwenye wino nne na matokeo yanahama, hasa Screen, Overlay na Difference. Hifadhi faili lako la RGB, fanya Image > Duplicate ukiweka tiki ya Duplicate Merged Layers Only, kisha Edit > Convert to Profile kwenye nakala. Kabla ya hapo, Ctrl+Y hukuonyesha mapema itakavyokuwa. Pembetatu yenye alama ya mshangao kwenye kisanduku cha rangi inamaanisha rangi hiyo haifikiki kwa wino, isikilize. Kile kimchemraba kilicho jirani yake, kinachohusu rangi salama za tovuti, kipuuze, kilikuwa cha vioo vya rangi 256.

Hex (msimbo wa rangi unaoanza na #) sawa, rangi mbili tofauti: linganisha profaili, yaani maelezo ndani ya faili yanayosema namba hizo ni rangi gani hasa. Namba ileile ndani ya Adobe RGB ni kolevu zaidi kuliko ndani ya sRGB. Ukitoa picha ya mtandaoni, weka tiki ya Convert to sRGB ndani ya Export As. Usitumie Assign Profile kwa kazi hiyo, maana inabadilisha jina la kipimo bila kubadilisha namba. Kuwa mwangalifu pia na picha ya kioo (screenshot) iliyopigwa kwenye Mac: huja na profaili ya kioo cha mashine hiyo, na ukichota rangi humo bila kuigeuza kwanza kuwa sRGB, hex itakuwa ya kioo hicho tu. Kwenye Windows, ikiwa Night Light imewaka, namba unazochota ni sahihi ila macho yako yanaona njano. Izime kabla ya kumbishia mteja.